Mashindano ya Baleti na Mikosi Yake

Baleti ni densi ya kuficha jasho. Mchezaji husimama kwa ncha za vidole, vidole vinamuuma, naye anatabasamu kana kwamba anasubiri kuletewa chai. Ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia, ikatungiwa kanuni Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha densi mwaka 1661. Hadi leo hatua zake huitwa kwa Kifaransa, hata mwalimu akiwa mzaliwa wa mtaa wa Kangemi, Nairobi.

Nairobi imeizoea. Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952 mkabala na Hoteli ya Norfolk, umekuwa jukwaa la baleti ya The Nutcracker ya shule ya densi ya Dance Centre Kenya msimu wa Krismasi. Kibera nako, mwalimu Mike Wamaya amefundisha watoto baleti katika madarasa ya kawaida, madawati yakisukumwa kando. Kwa hiyo shule inayojiandaa kwa mashindano ya kila mwaka haikosi vipaji. Inachokosa ni bahati.

Mikosi huanzia miguuni. Viatu vya kusimamia vidole haviuzwi kila duka la Moi Avenue, hivyo mzazi humtuma jamaa anayerudi kutoka ng'ambo, au hupekua mitumba ya soko la Toi, ambako cha kushoto huonekana mapema kuliko cha kulia. Kisha kuna rangi. Waridi ya kawaida ilikusudiwa kufanana na ngozi ya Mzungu. Kampuni ya Freed ya London ilianza kuuza viatu hivyo vya kahawia mwaka 2018. Asiyevipata hupaka podari au chai ya rangi, kidogo kidogo kwa kitambaa. Ncha ya kiatu ni matabaka ya nguo na karatasi yaliyoshikwa na gundi, kwa hiyo anayekitumbukiza sufuriani huopoa ndala.

Mkosi wa pili ni safari. Ukumbi ukiwa mjini, basi la shule hutoka Lavington alfajiri na kukwama Waiyaki Way pamoja na wenye haraka wote wa magharibi ya jiji. Mazoezi ya kupasha misuli, ambayo kwa desturi hufanywa mchezaji ameshika upau wa ukutani, hufanywa kwa kushika kiti cha mbele. Watoto hufika wakiwa tayari kabisa. Hapo hufuata sala, wimbo wa taifa na kumsubiri mgeni wa heshima, na misuli hupoa kabla hotuba ya kwanza haijaisha.

Sakafu nayo ina lake. Kumbi nyingi zina tarazo iliyosuguliwa kwa nta kwa heshima ya mgeni yuleyule, na mzunguko mmoja juu yake huweza kuzaa mitatu bila ridhaa ya mchezaji. Wenye vifaa husugua soli kwa unga wa utomvu wa msonobari. Wasio navyo hupiga deki kwa soda ili sakafu inate. Soda ikizidi, mtoto huruka na kiatu hubaki.

Muziki hutoka kwenye simu ya mwalimu iliyounganishwa na spika. Tchaikovsky, mtunzi wa The Nutcracker, hukatizwa na mlio wa ujumbe wa M-Pesa, na nusu ya ukumbi hupapasa mifuko.

Waamuzi hutazama nyonga zilizofunguka kuelekea nje, magoti yaliyonyooka na kutua bila kishindo. Anayeteleza, akainuka na kuendelea huku akitabasamu, huokoa alama nyingi kuliko anayesimama kumtafuta mama yake. Na mama haonekani, kwa kuwa amejificha nyuma ya tableti anayorekodia.

Mwisho ni matokeo. Kama ilivyo desturi ya Kenya Music Festival, tamasha lililoanza mwaka 1927, mwamuzi hutoa maoni kwanza, na nafasi hutajwa baadaye. Akianza kwa kuyasifu mavazi, mwalimu mzoefu humwambia dereva awashe basi.