Refa Aliyevaa Krimu

Aliyebuni sebule ya Dar es Salaam alikuwa na adui mmoja tu, joto. Ndiyo maana madirisha ni makubwa, mapazia ni mepesi, ukuta umepakwa rangi ya krimu, na katikati ya dari linaning'inia pangaboi. Aliyebuni projekta naye ana adui wake, mwanga. Yeye anataka madirisha yazibwe, taa zizimwe na watu watulie gizani. Mimi nimejipa kazi ya kuwapatanisha hawa wawili, na kikao bado kinaendelea.

Wazo lilitoka kwa shemeji. Alisema AFCON ya 2027 inachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na ni aibu mwenyeji kuangalia mashindano ya kwake kwenye runinga ya inchi 32. Aibu hiyo italipiwa na nani, hakusema. Tukaenda Kariakoo.

Kule kila boksi linajisifu kwa namba. Moja, lililoenea kwenye kiganja, lilitangaza lumeni 9,000, wakati projekta nyingi za kumbi za mikutano huridhika na 4,000 au 5,000. Nikamuuliza muuzaji kama hizo ni lumeni za ANSI, yaani zile zinazopatikana kwa kupima mwanga sehemu tisa za picha na kuchukua wastani. Akanitazama kwa huruma.

"Bosi, hizi ni lumeni za kawaida. Hii inapiga mpaka ukuta wa jirani."

Juu ya boksi hilohilo kuliandikwa "Full HD 1080p" kwa herufi nene. Ubavuni, kwa herufi za kuhitaji miwani, kuliandikwa 800 x 480. Maana yake projekta inakubali kupokea picha ya 1080p, lakini inayoionesha ukutani ni hiyo ya ubavuni. Full HD ya kweli ni 1920 x 1080, zaidi ya pikseli milioni mbili. Hii ilikuwa na 384,000. Nikamwambia shemeji kwamba kwa picha hiyo, namba za mgongoni mwa wachezaji tutazisoma kwa imani.

"Kwani wachezaji wetu huwajui kwa mwendo?" akajibu.

Hatukununua. Mtaa wa pili kuna fundi anayerusha picha za harusi ukumbini, na alikubali kuja na projekta yake, Full HD kamili, tuijaribu Jumapili kwa mechi ya saa kumi na moja jioni. Alikuja na futi kamba. Projekta yake, kwa kila mita moja ya upana wa picha, inataka kurudi nyuma mita moja na nusu. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2, kwa hiyo irudi mita 3.3. Tukapima kutoka ukutani. Mita 3.3 za sebule yetu zinaishia juu ya friji.

Shemeji alifurahi, maana pale kuna soketi. Furaha ilidumu mpaka friji lilipoanza kunguruma, na uwanja mzima wa mpira ukaanza kutetemeka pamoja na mashabiki wake.

Fundi akapanda kwenye stuli na kuishikilia projekta karibu na dari, pale ambapo ingefungwa. Mwanga ukapita katikati ya mapanga ya pangaboi. Likizunguka, wachezaji wanawaka na kuzimika. Likizimwa, wanaozimika ni watazamaji, kwa sababu madirisha yalikuwa yamezibwa kwa khanga, mashuka na zulia la kuswalia la mama mkwe. Tukapiga kura. Pangaboi likashinda, khanga zikatolewa, jua la jioni likaingia.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo hakuna boksi lililoliandika: projekta hairushi weusi. Inarusha mwanga tu, na penye weusi hairushi kitu. Kwa hiyo weusi wa picha yako ni rangi ya ukuta wako kwa saa ile. Refa aliyetoka kwao amevaa nyeusi, kwetu alivaa krimu. Mjusi kafiri naye akakatiza ndani ya kumi na nane bila kukabwa, na kwa ubora wa picha ndiye aliyeonekana vizuri kuliko wote.

"Mbona kuna upinde wa mvua?" mama mkwe akauliza.

Tukamwambia ni miwani. Akavua miwani, bado anauona. Fundi akaja kumtetea: projekta za DLP za aina yake hurusha nyekundu, kijani na bluu kwa zamu, haraka sana kupitia gurudumu linalozunguka, na macho ya watu wachache huzikamata rangi hizo kabla hazijachanganyika. Zile za LCD zenye vioo vitatu hurusha rangi zote kwa pamoja, hazina shida hiyo. Mama mkwe akavaa miwani yake taratibu, akatuangalia mmoja mmoja. Tangu siku hiyo ndiye mshauri mkuu wa teknolojia nyumbani, na DLP imepigwa marufuku.

Dakika ya sabini umeme ukakatika. Fundi alishika kichwa, maana taa yake hutakiwa kupozwa na feni kwanza kabla ya kuzimwa kabisa.

Juzi tulirudi Kariakoo kuulizia zile za masafa mafupi mno, zinazokaa kwenye kabati chini ya picha na kurusha mwanga kwenda juu. Hazipiti kwenye pangaboi, na friji halizihusu. Zinataka ukuta ulionyooka tu, ambao hatuna, maana plasta yetu ina mawimbi. Muuzaji alipotaja bei, shemeji alinyamaza njia nzima mpaka Magomeni, kisha akauliza kama friji letu haliwezi kuhamia chumbani.