Mhadhara wa Barazani Buyenzi

Saa nane mchana, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ukitokota, bingwa wa nyumba kongwe alipanda juu ya kreti ya Fanta, akakohoa mara tatu kama waziri, kisha akafungua mhadhara. Shahada hana. Ana miaka sitini ya kulala katika nyumba moja, na kwa hesabu zake hiyo ni sawa na udaktari mara mbili.

“Waheshimiwa wahandisi, mliopo na mlioogopa kuja! Babu yangu aliijenga nyumba hii Bujumbura ingali Usumbura, kabla ya uhuru wa 1962. Ilijua kubana matumizi ya umeme kabla umeme haujaifikia!”

Wasikilizaji watatu na mbuzi mmoja walimtazama.

Hoja ya kwanza ilikuwa ukuta: matofali ya udongo yasiyochomwa, unene wa dhiraa nzima. Aliupiga kofi, vumbi likamwangukia begani, naye akaliita ushahidi. Majigambo ni yake, lakini sayansi iko upande wake. Ukuta mzito hulinywa joto polepole, likachukua saa kadhaa kupenya ndani. Likifika, jua limeshazama na madirisha yako wazi kupokea upepo wa usiku.

Hoja ya pili ilikuwa jua, na hapo bingwa alistahili makofi. Bujumbura iko nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kuyumba sana, kwa hiyo kuta zinazochomwa vikali ni hizo mbili. Babu aliziacha bila madirisha, akayaweka yote kaskazini na kusini.

“Leo komisioneri, dalali wa nyumba, anakusifia sebule yenye kioo kitupu kinachotazama Tanganyika,” alinguruma. “Ziwa liko wapi? Magharibi! Unanunua machweo, kisha unanunua kiyoyozi cha kuyafukuza!”

Kiyoyozi kidogo hula takribani wati 1,000 kikiwa kinafanya kazi. Feni ya meza hutosheka na kama 50. Bwawa la umeme la Rwegura, kule Kayanza, lina uwezo wa megawati 18. Viyoyozi 18,000 vya namna hiyo vikiwashwa kwa pamoja vingelimaliza lote, bila kubakiza hata taa moja.

Kuhusu thamani, bingwa alitamka kwamba nyumba haina bei. Komisioneri mmoja aliyekuwa akipita alikubali kwa adabu: mteja wake angelipia kiwanja, nyumba angeivunja bure.

Ndipo mke wa bingwa alipochungulia mlangoni. “Mzee, si uwakaribishe wageni ndani, kwenye huo ubaridi?”

Kimya. Ndani kulikuwa tanuri. Babu alikuwa ameweka dari ya matete chini ya bati, na matundu ya hewa juu ya kuta. Mwaka jana bingwa aliing’oa dari na kuyaziba matundu, ili nyumba “iende na wakati”. Karibu na ikweta, jua la adhuhuri hulipiga paa zaidi kuliko ukuta wowote, na bati lenye kutu lisilo na dari humwaga joto hilo moja kwa moja juu ya vichwa vya watu.

Mhadhara wa pili umekwisha kutangazwa. Mada ni dari. Utafanyika chini ya mwembe wa jirani.