Ziara ya Mizimu Yagonga Mwamba Ifakara

Kule Nashville, Marekani, mji unaojivunia muziki wa kantri, mgeni hulipa dola zake ili atishwe. Giza likiingia, kundi linakusanywa, linatanguliwa na mtu mwenye sauti nzito na hadithi nyingi, kisha linapitishwa baa hadi baa likielezwa nani alifia wapi. Ukumbi wa Ryman, uliofunguliwa mwaka 1892, haukosi kutajwa. Inasemekana Hank Williams, aliyekata roho ndani ya gari siku ya Mwaka Mpya wa 1953 akiwa na miaka 29, bado hupita jukwaani. Mgeni anashtuka, anaagiza bia nyingine, anatoa bakshishi, anakwenda kulala hotelini.

Tuseme sasa video ya ziara hiyo imemfikia kijana wa bodaboda pale stendi ya Ifakara, mkoani Morogoro, saa ile ambayo abiria hamna lakini bando lipo. Kijana hakuona mizimu. Aliona hesabu. Alizidisha dola kwa vichwa, akageuza kuwa shilingi, akalazimika kuegemea pikipiki.

Na haki ya kujaribu alikuwa nayo, maana mkoa wa Morogoro hauombi sifa za muziki kwa mtu. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz, akafika hadi Osaka kwenye maonyesho ya Expo 1970 na baadaye akaunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Kwa vigezo vya Nashville, mizimu ya wanamuziki ingekuwa inapigana vikumbo. Kasoro ni moja tu: Mbaraka hangoji usiku. Anasikika mchana kweupe kwenye redio ya kinyozi, na ni vigumu kumtoza mtu kiingilio cha kumwogopa marehemu anayemtikisa mabega.

Basi kijana akageukia mizimu ya nyumbani. Kituo cha kwanza alikipanga kwa heshima zote: Vita vya Maji Maji. Agosti 1905 wapiganaji walikivamia kituo cha Wajerumani hapa Ifakara, kisha wakaliendea boma la Mahenge, ambako tarehe 30 mwezi huohuo walikutana na bunduki za rashasha. Kijana akaona hapo hakosi mzimu wa shujaa. Akaenda kwa mzee mmoja, mnywaji wa siku nyingi wa kilabu cha pombe ya kienyeji ya komoni, apate hadithi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huyo unayetaka kuwaonyesha Wazungu ni wa ukoo gani?"

Kijana akabaki mdomo wazi. Nashville mzimu ni mali ya mwenye ziara. Hapa bonde la Kilombero mzimu una wajukuu, wajukuu wana wazee, na wazee wana kikao. Kwa Wapogoro, mahoka ni wafu wao wenyewe, watu wa kutambikiwa kwa unga na pombe, si watu wa kupigwa picha. Huko ng'ambo mgeni anakunywa na mzimu unatazama. Huku marehemu ndiye anayetangulizwa.

"Kwa hiyo," babu akauliza, akipangusa povu mdomoni, "kabla mgeni wako hajashika glasi, sisi wenye mtu wetu tunapata madebe mangapi?"

Hesabu ya stendi ikaanza kupungua.

Kituo cha pili kilikuwa nyumba fulani ambayo mtaa mzima unainong'ona. Hapo mtendaji wa mtaa akamvuta kijana pembeni. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, enzi za Waingereza, na bado imo katika sheria za Tanzania, Sura ya 18. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai. Kijana akarekebisha maelezo yake hadi yakasomeka hivi: "Mabibi na mabwana, katika nyumba hii ya bati aliishi mtu tusiyemtaja, aliyefanya jambo tusilolisema. Tuendelee."

Isitoshe, bonde hili lilikuwa na safari yake ya mambo ya kutisha hata kabla ya bodaboda. Watu wa Ulanga na Kilombero walifunga safari hadi Ihowanja, kwa mganga Kalembwana, kunyolewa uchawi. Maia Green, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Manchester, ameiandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2003, *Priests, Witches and Power*. Kilichompendeza kijana ni utaratibu wa huko: aliyetuhumu na aliyetuhumiwa wote walinyolewa na kupewa dawa. Kila mmoja alirudi na kipara, na kesi ikakosa pa kushika. Nashville haijafikia ubunifu huo.

Kituo cha tatu ni mto Kilombero. Zamani, kuuvuka usiku kulitosha kumfanya mtu akumbuke sala alizozisahau tangu kipaimara. Chini kuna viboko na mamba, juu kuna kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka. Lakini mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, mita 384 za zege na taa. Mgeni akifika pale hatishiki. Anapiga selfi.

Ikabaki sehemu ya baa, ambayo kila mtu aliamini haiwezi kuharibika. Kijana akawaita rafiki zake wafanye majaribio bila malipo. Walifika wote, wengine na shemeji zao. Mpango ulikuwa kuanza na kilabu cha komoni, kupita kilabu cha ulanzi, na kumalizia baa yenye spika. Ila kila aliyekaa kwenye kilabu cha kwanza hakuona sababu ya kwenda cha pili. Umeme ulipokatika, kijana akaona ndiyo nafasi yake, akaanza kusimulia kwa sauti ya kaburini. Akatulizwa na mama muuzaji, aliyetaka kwanza kujua nani analipa.

Mwishowe wachache wakakubali kutembea hadi kwenye mwembe ulio njia panda. Hakuna aliyetaka kutangulia wala kubaki nyuma, wote wakataka katikati. Chura akaruka, na ziara ya mizimu ikarudi kilabuni kwa mbio.

Aliyefaidi usiku ule ni mbu. Yeye ndiye mlevi halisi wa bonde: Anopheles funestus jike hupita nyumba kwa nyumba usiku wa manane, na kila anapoingia anakunywa. Sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria katika vijiji vya Kilombero ni kazi yake. Wanaomwinda mbu huyo wako hapahapa: Profesa Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, na mbegu aliyoipanda ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Huko watu wa kujitolea wamekesha usiku mwingi, suruali zimekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, mrija mdomoni. Mbu anatua mguuni, wanamvuta kwa mrija kabla hajawanyonya, wanamhifadhi kwenye kikombe cha karatasi, wanaandika saa. Kazi hiyo hufanywa hadi alfajiri, na hakuna anayekimbia chura.

Kwa hiyo mgeni anayekuja Ifakara kutafuta viumbe vya usiku aje na chandarua chenye dawa. Na akiamka anatetemeka, asiwasingizie mahoka wa watu: aende akapimwe malaria siku hiyohiyo.