Nazi, Ndimu na Elimu ya Mwendo

Elimu ya fizikia ina tabia isiyo ya kiungwana: haitazami umri wa mtu wala cheo chake. Mimi, niliyejiunga na darasa la jioni ndevu zimekwisha ingia mvi, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa haishi kuniuliza maswali ya kitabu chake na heshima yangu ikipungua kila nikimjibu kuwa Mungu ndiye ajuaye, nilifundishwa na kijana niwezaye kumzaa kwamba kitu kilichomo katika mwendo hakihitaji kusukumwa ili kiendelee, bali huendelea daima mpaka kizuiwe. Nilimpelekea habari hii hamali mmoja wa mkokoteni, naye, akifuta jasho, akanijibu kwamba mwalimu wangu hajapata kusukuma magunia ya mchele kutoka bandarini hadi Marikiti. Kwa insafu, Aristotle mwenyewe alikuwa upande wa hamali, na wanazuoni wakamsadiki karne nyingi, kwani nao hawakupata kuona mkokoteni usio na msuguano.

Lakini somo lililonitia kiwewe ni la kuanguka. Mwalimu alisema kuwa kizito na chepesi, ikiwa hewa haivisumbui, huanguka pamoja; na kwamba kitu kilichoachiliwa huteremka kiasi cha mita 5 katika sekunde ya kwanza, na ikitimia ya pili kimekwisha shuka karibu mita 20, ambao ni urefu wa mnazi uliokomaa. Zingatia hesabu hiyo, msomaji: mkwezi akiponyokwa na nazi, aliye chini ana sekunde mbili tu, muda usiomtosha muungwana kuitikia salamu, seuze kusogea.

Mke wangu hakusadiki. "Nazi na ndimu zifike pamoja? Bwana, kijana huyo anakula fedha zako bure."

Basi alasiri moja ya Ramadhani nilisimama kwenye roshani yetu, mita 5 kwa kukisia, nazi mkono wa kuume na ndimu mkono wa kushoto, nikasema Bismillahi, nikaviachilia. Jaribio lilifana kwa kila hali. Vilitua kwa mshindo mmoja: nazi ikapasukia barazani, na ndimu ikazama katika bakuli la uji lililokuwa juu ya sinia ya futari ya bibi jirani, ambaye ndiyo kwanza anatoka mlangoni kuipeleka msikitini. Uji nao, ukiitii ile kanuni ya Newton ya mwaka 1687 kwamba kila tendo lina jibu lake lililo sawa nalo na kinyume chake, uliruka juu ukamfikia buibuini.

Husimuliwa kuwa Galileo aliangusha vitu kutoka mnara wa Pisa, kisa ambacho wataalamu wengi wana shaka nacho. Lililo yakini ni kwamba alibingirisha tufe la shaba juu ya ubao ulioinamishwa, akipima wakati kwa maji yaliyochuruzika chomboni, kama alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1638. Sasa naifahamu hekima ya ubao: hakuna apitaye chini yake na futari.

Nilipojitetea kwa mke wangu kwamba hata mwanaanga David Scott, mwaka 1971, aliangusha nyundo na unyoya wa kozi huko mwezini, vikagusa vumbi pamoja kwa kuwa huko hakuna hewa, alinijibu kwamba huko hakuna majirani pia. Kisha akauliza wali wa jioni utaungwa kwa nazi gani.

Kabla ya magharibi nilipeleka nyumba ya pili uji mwingine na maombi mengi ya radhi. Bibi alivipokea vyote, akataka kujua, kwa upole mkubwa, ni somo gani litakalofuata. Nikamwambia ni la joto na moto.

"Basi, mwanangu," akasema, "usiku wa kuamkia somo hilo unibishie hodi, nipate kwenda kulala kwa dada yangu Likoni, ng'ambo ya maji."