Tume ya Nyani

Masika yalikuwa hayajaisha pale mashua ya wanyama wa kisiwa cha mikoko ilipofumuka maungio matatu, nayo haijafika hata katikati ya mkondo. Abiria waliogelea kurudi pwani. Jioni ileile Simba akaunda tume, na mwenyekiti wake akawa Nyani, yuleyule aliyesimamia ujenzi.

Mashua ile haikupigwa misumari. Iliungwa kwa epoksi, gundi ya makopo mawili: utomvu katika kopo moja, dawa ya kuugandisha katika jingine. Kwa hiyo tume haikujisumbua. Kesho yake Nyani akasoma ripoti: gundi ni mbovu, inunuliwe nyingine kwa Fisi, na mbao zilizoachana zichomwe ili ufuo uwe safi.

"Zimeshachomwa?" akauliza Kobe.

Zilikuwa bado.

"Basi nileteeni kabla hamjawasha moto."

Naamini hapo ndipo kesi nyingi za mafundi zinapopotea. Watu hugombana juu ya gundi, na ungio lenyewe, lenye ushahidi wote, limeshatupwa. Ungio zuri likilazimishwa kuvunjika, mti ndio unaochanika, na gundi hubaki imegandwa na nyuzi za mbao. Kobe alizitafuta nyuzi hizo kwenye maungio yote matatu asizione. Hata hivyo, kila ungio lilikuwa na uso wake.

La ubavuni lilikuwa gumu, laini, linameta. Gundi ilikuwa imebanduka nzima kutoka kwenye tabaka lililopakwa usiku uliotangulia. Kobe akaenda kwenye mbao zilizobaki za siku ileile, akapitisha kidole. Kikateleza. Usiku wa baridi na unyevu, epoksi nyingine hutoa utando wenye utelezi wa nta juu yake. Huondoka kwa maji na kusugua. Anayeanza na msasa kabla ya kuosha anausambaza tu.

"Nani alipaswa kuosha?"

"Ni mimi, Babu," akasema Punda. "Niliomba ndoo ya maji, nikaambiwa Mfalme ameshatangaza siku ya kushua chombo."

Ungio la mkuku lilikuwa kavu, karibu halina gundi kabisa. Hapo ndipo alipofanya kazi Tembo. Alikuwa amekaza jiliwa mbele ya Simba, akazungusha hadi mbao zikalia, na gundi ilipochuruzika mchangani umati ukampigia vigelegele, maana kila tone lililomwagika lilihesabiwa kuwa utiifu. Hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha. Nani amwambie Tembo apunguze bidii mbele ya Mfalme?

"Epoksi haitaki kubanwa hivyo, mwanangu," Kobe alimwambia kwa upole. "Mbao zikikutana na gundi ikachungulia kidogo kandoni, acha. Iliyobaki ndani ndiyo inayoshika. Tena hizi ncha za mbao hunywa. Zipake kwanza gundi nyepesi zishibe, ndipo upake nzito iliyochanganywa na unga wa mbao."

Tembo akainamisha mkonga.

La tatu halikuhitaji maneno mengi. Kobe alibonyeza gundi yake, ukucha ukazama. Kopo liliandikwa sehemu 5 za utomvu kwa 1 ya dawa. Fisi, ambaye ndiye muuza dawa, aliwashauri watie 2 ili iwahi kukauka. Lakini dawa hii si pilipili ya mchuzi, kwamba ukizidisha inakolea. Ile iliyozidi hukosa utomvu wa kushikana nao, ikabaki humo ikililegeza ungio. Mwenye haraka atafute dawa ya aina ya haraka, na aipime kama ilivyoandikwa.

Simba akanguruma. "Nitajie mkosaji mmoja."

"Maungio ni matatu, Mfalme, na makosa ni matatu. Na siku ya kushua uliitangaza wewe."

Nyani akaanza kukunja ripoti yake. Simba alimtazama Kobe kwa muda, kisha akafuta siku aliyoitangaza, akaagiza kazi ianze upya kwa masharti ya Kobe: Punda apewe maji anapoyaomba, jiliwa likazwe na Swala, na kila gundi inapokorogwa, mkorogaji aunge vipande viwili vya mbao pembeni. Vipande hivyo vikishakauka sawasawa, vivunjwe kwa nyundo hadharani. Mti usipochanika, kazi yote iliyoungwa kwa mkorogo ule ibomolewe.

Vipande vya kwanza kuachana bila hata uzi mmoja wa mti vilikuwa vya mtoto wa Simba. Ufuo mzima ukanyamaza, Nyani akakimbilia kusema kwamba huenda nyundo ilikuwa nzito mno.

"Bomoa, osha, piga msasa, rudia," akasema Kobe, na Punda akamkabidhi mwana wa Mfalme ndoo.