Baba Akataliwa na Kompyuta Yake

Baba alistaafu ualimu lakini daftari hakuliacha. Kila jambo la nyumba yetu ya Embu limeandikwa: kilo za kahawa zilizopelekwa kiwandani, siku ng'ombe alipopandishwa, jirani aliyeazima jembe. Kompyuta ya mezani ilipoingia nyumbani, mtumba wa Uingereza, aliipokea kwa moyo huohuo. Ndani yake mna diski mbili. Ndogo ni ya kuendeshea Windows. Kubwa ndiyo yenye nyumba yetu: picha za ubatizo, video za ruracio (sherehe ya mahari), barua za miaka ya sabini alizozipiga picha moja baada ya nyingine, na sauti ya Nyanya akisimulia ujana wake kwa Kimeru. Kwenye daftari kila kitu kimeonyeshwa kilipo, na kila mstari unaanza na herufi D.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mtumba zilikwama hapo, kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Yetu ilifuzu. Kaka yangu, anayeishi Meru mjini, akaifunga kwa blanketi, akaitia kwenye buti ya gari na kuipeleka kwa fundi anayemwamini huko. Ikapita Runyenjes, Chuka, daraja la Nithi, Igoji na Nkubu, na ikarudi kwa njia hiyohiyo ikiwa na Windows mpya, nyepesi, yenye akaunti ya Baba kwa jina lake kamili.

Diski kubwa haikuonekana.

Na ilikuwa wiki ya shukrani. Nyanya, mama yake Mama, alikuwa anatimiza miaka tisini, kanisa la Nkubu limeshapanga ibada, na mchapishaji wa kijitabu alikuwa anangoja picha. Mama akasimama mlangoni na taulo la jikoni begani. "Mwalimu, picha za mama yangu ziko wapi?" Baba akafungua daftari, akasoma: D. Akabofya D. Kompyuta ikamwomba aingize sidii.

Kaka alikuwa tayari ameshapandwa na hasira, akisema fundi ameing'oa diski na kuiuza. Nikaomba bisibisi kwanza. Tulipoondoa ubavu wa kasha, vumbi jekundu la Embu lilikuwa limelala kila pembe, na diski ilikuwa mahali pake, imefungwa skrubu zote nne. Kebo yake nyembamba ya data ndiyo iliyokuwa ikining'inia. Fundi aliichomoa kwa makusudi, na namsifu kwa hilo hadi leo. Wakati wa kuweka Windows upya, programu inauliza iwekwe kwenye diski gani, na mkono ukiteleza hapo, miaka yote ya picha inafutwa. Diski isiyounganishwa haiwezi kufutwa kimakosa. Aliloacha ni kuirudisha kebo, au kutuambia.

Nikaichomeka mpaka ikalia tk. Tukawasha. Diski ikaonekana, ila sasa ikiitwa E, maana D ilikuwa imeshachukuliwa na kisomeo cha sidii. Mama hakupendezwa. "Kwa hiyo wamechukua D wakatuachia E?" Nikamweleza kwamba herufi hiyo ni kibandiko tu ambacho Windows hubandika, na kilichomo ndani hakijaguswa. 

Baba akavuta kiti, akabofya folda yake, na hapo ndipo nyumba ilipotikisika. Kompyuta ilimwambia hana ruhusa ya kuifungua.

Mtu aliyeshika chaki maisha yake yote, anaambiwa hana ruhusa ya kuona harusi yake mwenyewe! Alibofya tena, taratibu, kama anayempa mwanafunzi nafasi ya pili ya kujibu vizuri. Jibu likawa lilelile. Kaka akatoa hukumu: diski imeharibika, tuifomati tuanze upya. Nikasimama kati yake na kibodi. Kompyuta haikusema diski ni mbovu. Ilisema Baba si mwenyewe, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tangu 1993, mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows kupanga faili unaweza kuandika mmiliki wa kila faili. Hauandiki jina. Unaandika namba ndefu ambayo Windows ilimpa mtumiaji siku akaunti yake ilipofunguliwa. Ukiweka Windows upya na kufungua akaunti mpya ya jina lilelile, unapewa namba nyingine. Ni kama kitambulisho: akina Mwenda wamejaa Meru nzima, lakini namba ya kila kimoja ni ya mtu mmoja. Folda zilikuwa zikimngoja Baba wa zamani, na huyu wa sasa, kwa macho yao, alikuwa mgeni.

Umiliki wa folda za namna hiyo unabadilishwa na msimamizi wa kompyuta peke yake, na akaunti aliyofunguliwa Baba ilikuwa ya mtumiaji wa kawaida. Nenosiri la msimamizi lilikuwa kwa fundi. Kaka akapiga simu, sasa kwa sauti ya heshima, na fundi akalituma kwa ujumbe na pole nyingi kwa Mwalimu. Kwanza, kwenye Usimamizi wa Diski, nikakipa kisomeo cha sidii herufi nyingine, nikairudishia diski D yake ili daftari la Baba libaki na ukweli wake. Halafu nikafungua sifa za folda, sehemu ya usalama, nikaandika Baba kuwa mmiliki, nikaweka alama ya kubadilisha pia kila kilichomo ndani, kisha nikampa ruhusa kamili. Majina ya faili yakaanza kupita kwenye kidirisha, mbio: ubatizo, kahawa, Nkubu. Baba aliyasoma kwa sauti mpaka yakamshinda kasi.

Tulibahatika kwamba diski haikuwa imefungwa kwa BitLocker. Hiyo ni kufuli ya kweli, inayochanganya data yenyewe, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hakuna msimamizi wala fundi atakayekufungulia. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, la mwaka 2024, likisakinishwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi huiwasha kimyakimya. Nikakagua kwenye mipangilio. Baba akauliza ufunguo wa namna hiyo huandikwa wapi, nikamwambia kwenye daftari, akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile.

Kabla ya kulala tulinakili folda zote kwenye diski ya nje, niende nayo kwangu Meru, ili stima ikiunguza kitu Embu pawe na nakala upande wa pili wa Nithi. Wakati inanakili, Baba alichagua picha ya jalada: Nyanya akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Mama akaikataa papo hapo. Alitaka ile ya kanisani yenye kofia nyeupe. Kijitabu kikatoka na zote mbili, ya kofia mbele, na Baba ameshaiandika namba ya ukurasa wa ile nyingine.