Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi: Majibu Yangu Hayajajibu

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo. Nasikia umri wako ni wa mwanangu wa tatu, lakini cheo nacho kina mvi zake, na mvi huamkiwa. Hospitali yako sitaitaja jina, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu Jumanne narudi hapo hapo.

Niwie radhi kwa kuugua bila taarifa. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, watu wanalala sakafuni wakiifuata feni, mimi nimejitanda vitenge viwili na sweta la binti yangu. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Uzito ulipanda huku chakula kikipungua, choo nikawa sikipati, na majina ya wajukuu yakaanza kunitoka. Nikasema ni uzee. Daktari wako hakusema hivyo. Aliagiza nitolewe damu siku ile ile, na kwa hilo namshukuru bila kejeli yoyote.

Kisha majibu yakatoka. Mheshimiwa, karatasi ya maabara sisi tunaiita majibu. Yangu yalikuwa haya: TSH 18.6, pembeni herufi H. FT4 7.0, pembeni herufi L. Basi. Daktari akasema, "Ni tezi, meza dawa hii, rudi baada ya wiki sita," akaita namba inayofuata. Simlaumu, nje tulikuwa watu wa kujaza daladala mbili. Nikatoka na majibu mkononi, maswali kichwani.

Nyumbani shemeji akaisoma ile H kuwa ni "Hatari". Jirani aliposikia tezi alimpa pole mume wangu, maana mtaani kwetu tezi ni moja tu, tezi dume. Ilibidi nijishike shingo kumwonyesha kwamba yangu ni dundumio, hii iliyotandaza mabawa chini ya kikoromeo kama kipepeo. Shemeji akaamua kwamba kwa kuwa TSH iko juu, tezi inafanya kazi kupita kiasi na haifai kuchochewa kwa vidonge. Nikamwamini. Siku nne sikumeza dawa.

Aliyenifumbua macho ni binti mfamasia wa duka la dawa la mtaani, bure, akiwa amesimama. Alinieleza kwamba TSH haitoki kwenye dundumio. Hutoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo kazi yake ni kupiga hodi. T4, ile iliyoandikwa FT4 kwenye karatasi yangu, ndiyo "karibu" inayotoka ndani. Mwenye nyumba akiitika upesi, mgeni hana haja ya kupaza sauti. Asipoitika, hodi inapigwa tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mtaa mzima usikie. Kwa mtu mzima hodi ya kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Hodi yangu ya 18.6 ilikuwa kelele mlangoni, na karibu yangu ilikuwa mnong'ono. Mwenye nyumba kalala. Angekuwa anafanya kazi kupita kiasi, hodi ingefifia mpaka karibu na sifuri.

Wiki sita zilipotimia nikarudi kwako, Mheshimiwa, nikakuta mashine mbovu (mashine nazo huugua, hazina kosa), nikaelekezwa maabara ya nje. FT4 ikaandikwa 0.54. Nililia ndani ya bajaji. Kutoka 7 mpaka nusu! Kumbe ya kwanza ilihesabiwa kwa pikomoli katika lita, ya pili kwa nanogramu katika desilita. Zidisha 0.54 kwa 12.87, unarudi kwenye 7 ile ile. Ni mchele mmoja, leo umepimwa kwa kilo, kesho kwa ratili.

Lakini kama ni ile ile, dawa ilikwenda wapi? Daktari aliniuliza, kwa upole wake, kama kweli nilikuwa nameza. Ukiacha zile siku nne za shemeji, nilimeza kila asubuhi, kwa chai ya maziwa, pamoja na kidonge cha kuongeza damu nilichopewa kwenye dirisha lenu wenyewe, vyote kwa mpigo ili nisisahau. Yule binti mfamasia aliposikia akashika kichwa. Levothairoksini, ndiyo hiyo dawa yangu ya tezi, inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma, ndivyo hivyo vya kuongeza damu, na vya kalisi vikae mbali nayo, kama saa nne, kwa sababu huizuia isiingie mwilini. Daktari alikuwa ameshashika kalamu aniongezee dozi.

Kwenye benchi lako nilikaa na binti mjamzito mwenye kidonge kama changu. Alikusudia kukiacha asije akamdhuru mtoto. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani. Alipotoka alisema dozi imeongezwa, kwa kuwa mimba huitaka dawa hiyo zaidi, na mtoto aliye tumboni huitegemea tezi ya mama miezi ya mwanzo. Hilo, Mheshimiwa, halikupaswa kungoja mgonjwa mwenzake.

Ombi langu ni dogo, nalileta nikiwa nimepiga magoti. Chini ya karatasi ya majibu chapisheni mistari mitatu ya Kiswahili: H ni juu na L ni chini; TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, tezi imelegea; kipimo hurudiwa baada ya wiki sita mpaka nane, kwani TSH hushuka polepole. Na pale dirisha la dawa, mtu mmoja awe anauliza, "Mama, unameza na nini?"

TSH yangu ya mwisho ni 6.1. Bado ina H. Safari hii nimeisoma mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mgonjwa namba 47